Fulana za Matanga Yangu Ziwe na Uso Wangu

Kiminini,
11 Agosti 1994

Kwa Mwenyekiti wa Kamati ya Mazishi Yangu,
Bw. Eliakim Wabwile, Bungoma.

Mpwa wangu mpendwa,

Nakuandikia nikiwa kitandani. Akili ni timamu. Naishukuru kamati kwa kuanza kazi mapema. Si kila mtu hupata kusikia matanga yake yakipangwa sebuleni, tena kwa chai yake mwenyewe. Hata hivyo, sijaridhika na fulana mlizoagiza kwa Munene, mchapaji wa Kitale.

1. Mmeagiza rangi moja. Sababu naijua, maana Munene alinieleza alipokuja kunijulia hali. Kila rangi ina fremu yake ya mbao, iliyowambwa kitambaa chembamba kinachopitisha rangi penye picha tu. Rangi tatu ni fremu tatu, na kungoja ikauke mara tatu. Bei hupanda. Lakini tai yangu nyekundu itakuwa wapi? Nilipomlalamikia mke wangu Nekoye, alisema, "Baba, si unyamaze tu. Marehemu haulizwi."

2. Mmechagua fulana nyeusi, ati za majonzi. Rangi nyeupe haishiki vizuri juu ya nguo nyeusi hadi ichapwe mara mbili. Kwa hiyo mmeikataa tai yangu kwa kubana matumizi, kisha mkalipia uchapaji maradufu ili nionekane kama mtu aliyetumbukia kwenye gunia la unga.

3. Hili ndilo linaloniuma. Fremu yenyewe ina picha ya marehemu Kimaiyo, jirani yangu tuliyemzika Julai. Munene anasema kutengeneza fremu ni kazi ileile, uchape fulana moja au mia, nanyi mkaona heri mtumie iliyopo. Eti sote tulikuwa na upara na miwani, basi litazibwa jina lake na kuwekwa langu. Eliakim, wajukuu wangu watamlilia Kimaiyo, ambaye alishaliliwa vya kutosha. Wanawe watamwona baba yao akizikwa mara ya pili, nao watakuwa na haki ya kudai sehemu ya ng'ombe wa matanga. Na siku ya kiyama nikiamka, nitajitetea vipi mbele ya mashahidi mia wenye fulana?

4. Munene huosha fremu Jumamosi, na ikishaoshwa picha imekwenda. Tangu kamati ijue hivyo, nayo haitaki kuchapa kabla tarehe ya kifo haijajulikana, sipumziki. Jana mweka hazina wenu, Peris, aliniuliza kwa heshima, "Mjomba, kwani utaivuka Jumamosi?" Nikamjibu kwamba sijui. Alihuzunika sana, nami nikajiona mkaidi.

Nakiri kabla sijafa: napenda sura yangu. Miaka yote darasani niliwachapa watoto kwa kujitazama kwenye vioo vya madirisha, huku kioo kidogo kikiwa mfukoni mwangu.

Naomba basi nitengenezewe fremu zangu mwenyewe, kwa rangi tatu. Kwa kuwa fulana zikiwa nyingi gharama ya fremu hugawanyika na kila moja huwa nafuu, niko tayari kuahirisha kifo hadi mwisho wa mwezi ili jamaa zetu wa Malakisi nao waagize.

Wasalimie wanakamati wote, hata wale waliokwisha kunyoa nywele kwa ajili ya matanga yangu.

Mjomba wako, ambaye bado yupo,
Mwalimu (mstaafu) Walubengo

N.B. Kabla sijafunga bahasha, Munene ameleta fulana ya mfano. Nekoye ameitundika kwenye kiti, akaitazama kwa muda mrefu, kisha akajifuta machozi na kusema, "Sasa huyu ndiye mwalimu aliyenioa." Sijapata nguvu ya kumweleza. Chapeni Kimaiyo.