Duka Lililoharibu Wastani

"Inatangazwa kwa wananchi wote kwamba kuanzia Jumatatu, bei za maduka madogo zitachunguzwa kwa siri kubwa!"

Tangazo hilo lilitolewa na gari lenye vipaza sauti vinne. Lilizunguka mitaa yote asubuhi, mchana na jioni, ili asibaki mtu hata mmoja asiyejua kwamba kuna jambo hatakiwi kulijua. Idara ya Bei za Rejareja haifanyi mambo nusunusu. Kabla ya hapo ilikaa semina ya siku tisa kuhusu usiri, kwenye hoteli yenye bwawa la kuogelea, na wajumbe walirudi wakiwa na uelewa mpana na ngozi nyororo.

Kati ya wachunguzi wa siri kumi na wanne walioajiriwa alikuwemo mama mmoja ambaye mji mzima ulimwita Bi Tangazo. Kwa miaka ishirini na miwili alitangaza safari za mabasi kwenye kituo kikuu. Kisha uongozi wa kituo ukairekodi sauti yake, ukamkatia keki, ukamwachisha kazi. Sauti ikabaki kazini, mwenyewe akarudi nyumbani. Mpaka leo akipita karibu na kituo hujisikia akiwahimiza watu wapande basi, na yeye hana nauli.

Kwa hiyo kazi ilipotokea hakujivuta. Malipo yalikuwa, kwa kila duka atakalochunguza, pesa ya kununulia nusu kipande cha sabuni.

"Na hiyo nusu nyingine?" aliuliza.

"Nusu nyingine ni uzalendo," alijibu afisa aliyemwandikisha, na hakuwa anatania.

Bi Tangazo akala kiapo. Kifungu cha nne alitakiwa akikariri neno kwa neno: mchunguzi hatamtambulisha mchunguzi mwingine wala afisa yeyote wa Idara mbele ya watu, hata kama ni mzazi wake, hata kama anazama. Akapewa miwani nyeusi na kalamu, kalamu aliyotakiwa kuirudisha.

Jumatatu asubuhi aliingia duka la kwanza, miwani usoni, mtandio umefunika mpaka kidevuni.

"Kipande cha sabuni bei gani?"

Mwenye duka akaweka gazeti chini. Mteja mmoja aliyekuwa akichagua vitunguu akanyakua mzigo wake, akauliza, "Basi la wapi hilo? Limeshafika?"

"Bi Tangazo!" mwenye duka akafurahi. "Karibu, mama. Ndio uchunguzi wenyewe?"

"Uchunguzi gani? Mimi nanunua sabuni."

"Sawa, sawa. Sasa unataka bei ya siku zote, au ya uchunguzi?"

Bi Tangazo akafikiri. Mwongozo haukugusia hilo. "Nitajie zote mbili."

"Ya siku zote ni elfu moja na mia mbili. Ya uchunguzi ni mia tisa."

Fomu ilikuwa na kisanduku kimoja tu. Afisa alikuwa amewaelekeza kwamba, wakikuta utata, waandike ile inayokaribia mia tisa, kwa sababu mia tisa ndiyo bei ambayo Idara ilikuwa imeshaitangaza kwamba imeigundua. Bi Tangazo akaandika mia tisa, akaigeuza fomu. Upande wa pili palikuwa na maneno haya: *Mimi mwenye duka nathibitisha kwamba nimechunguzwa bila kujua.*

"Nisaini wapi?"

"Hapo, chini ya 'bila kujua.' Na mhuri."

"Na tarehe?"

"Ya leo."

Mwenye duka akasaini kwa mwandiko mzuri, akampa na maji ya kunywa.

Kufikia Ijumaa maduka mengi yalikuwa yamemtengea kiti. Duka moja lilibandika karatasi: *Wachunguzi wa siri, tafadhali tumieni dirisha la kushoto.* Kila mahali sabuni ilikuwa mia tisa. Kila mahali, isipokuwa duka la shemeji yake.

Shemeji, mdogo wa marehemu mumewe, alikuwa na duka lenye upana wa kitanda. Sabuni aliifuata mwenyewe kiwandani kwa baiskeli, makatoni sita nyuma na moja mbele, na faida yake ilimtosha kununua chakula na viraka vya tairi. Bi Tangazo alipomuuliza anataka kutaja bei gani, shemeji alishangaa.

"Kwani ziko ngapi? Mia nane, shemeji. Unaijua."

Akaandika mia nane. Hata alifurahi, maana katika wiki nzima hiyo ndiyo fomu pekee iliyojazwa bila mkono wake kusita.

Siku nne baadaye barua ikamfikia shemeji. *Duka lako limebainika kuharibu wastani. Wastani ni mali ya umma. Litafungwa Ijumaa saa nane mchana.*

Shemeji aliisoma amesimama, akaisoma tena amekaa.

"Shemeji," alisema polepole, "wenzangu wote umewaandikia uongo, wamepona. Mimi ndugu yako ukaniandikia ukweli?"

Bi Tangazo, yeye aliyezoea kutangaza hata mabasi yasiyokuwepo, akaichukua ile barua. Akainuka, akaenda Idarani kwa miguu.

"Mama," afisa alimweleza kwa upole, "Idara imegharimika sana kuupata huu wastani. Magari, semina, miwani. Hatuwezi kuuacha uchafuliwe na mtu mmoja mwenye baiskeli."

"Lakini mwanangu, kama mnataka kujua bei, si mngepita tu dukani mkanunua sabuni?"

Afisa akaduwaa. "Tununue wenyewe? Hilo litahitaji semina nyingine."

Mlango wa ndani ukafunguka. Akatokea Mkurugenzi, mtu mnene mwenye uso wa kuridhika, aliyekuwa amesikia yote.

"Nitakwenda mimi," akatamka. "Peke yangu. Kwa siri. Nikathibitishe uharibifu huo kwa macho yangu kabla hatujafunga."

Ijumaa mchana Bi Tangazo alikuwa dukani kwa shemeji, akimsaidia kupanga makopo kwenye masanduku, kwa kuwa saa nane ilikuwa inakaribia. Ndipo akaingia mtu mwenye kofia ya chama cha mpira, masharubu ya kubandika, na viatu vinavyong'aa kama sufuria mpya. Bi Tangazo alimtambua mara moja. Akaendelea kupanga makopo.

"Habari za umaskini?" mtu yule alisalimia. "Nipe sabuni. Na mafuta. Na sukari. Na ile nyeupe."

"Chumvi?"

"Hiyohiyo. Na vinginevyo wanavyonunua wananchi."

Shemeji akaanza kumfungia vitu hivyo. Mgeni, akisubiri, alifungua pakiti ya biskuti iliyokuwa juu ya meza, akaimaliza, akafungua ya pili. Kwenye ofisi yake biskuti huwa zipo tu.

Shemeji akamtajia jumla. Mgeni akapapasa mfuko wa kulia, wa kushoto, wa nyuma. Kwa miaka kumi na moja pochi yake ilikuwa ikibebwa na katibu muhtasi.

"Utaletewa," akasema.

"Na nani?"

"Na watu."

"Watu gani, mzee? Na biskuti umeshakula."

"Wewe kijana! Unajua unaongea na nani?"

"Sijui. Wewe nani?"

Mkurugenzi akafungua mdomo. Akaufunga. Akaufungua tena, na sharubu moja ikaanguka juu ya chumvi.

"Mimi ni mwananchi wa kawaida," alisema hatimaye.

"Basi lipa kama mwananchi wa kawaida."

Watu wakaanza kujaa mlangoni. Mmoja alisema ndio haohao wanaokula madukani wakakimbia. Mwingine akauliza kituo cha polisi kilipo. Jasho likamtiririka Mkurugenzi, akamwona Bi Tangazo, akamnyooshea kidole.

"Huyu mama! Huyu ananifahamu! Mwambieni aseme!"

Bi Tangazo akaweka kopo chini. Akamtazama kwa makini tangu kofia mpaka viatu, akakumbuka kifungu cha nne, neno kwa neno. Kisha akavuta pumzi na kutangaza kwa sauti iliyofika mpaka mwisho wa mtaa:

"Ndugu wananchi, mtu huyu simfahamu."

Tangu atoke kituoni hajawahi kutangaza kitu kwa raha kiasi kile.

Shemeji hakuwa mtu wa makuu. "Polisi wa nini?" alisema. "Mzee, hizo biskuti utazilipa kwa kazi. Vaa hii aproni, uhudumie wateja mpaka hao watu wako waje. Sisi tuendelee kufungasha."

Mkurugenzi akavaa aproni. Mteja wa kwanza akataka nusu kilo ya sukari.

"Elfu ishirini," alisema Mkurugenzi kwa kubahatisha.

"Nini?"

"Mia mbili?"

"Baba, umetoka wapi wewe?"

Watu wakacheka mpaka wakashikana mabega. Wengine walikuja si kununua bali kumuuliza tu. Kiberiti bei gani? Uzi? Wembe mmoja? Kila jibu lilishangiliwa. Mwishowe mama mmoja aliyebeba mtoto mgongoni akaulizia sabuni. Mkurugenzi alimgeukia Bi Tangazo kwa macho ya kuomba.

"Mia nane," Bi Tangazo alimnong'oneza.

"Mia nane," akarudia Mkurugenzi.

"Afadhali hapa," alisema yule mama akitoa pesa. "Kwingine kote ni elfu moja na mia mbili."

"Haiwezekani!" Mkurugenzi akapiga meza. "Wastani ni mia tisa!"

"Hicho ndicho kipande cha mwisho," shemeji akatangaza kutoka nyuma. Foleni ikaguna.

"Basi huyo Wastani," akauliza mzee mmoja aliyekuwa nyuma, "anauza wapi? Tuelekeze, tukanunue kwake."

"Ndiyo! Wastani yuko wapi?"

Wakati huo gari la Idara likaegesha mlangoni, na dereva, ambaye hakuwa ameambiwa lolote kuhusu siri, akashuka akapiga saluti. "Mkurugenzi, saa nane imefika. Tunafunga duka?"

Hakuna aliyefunga duka. Mkurugenzi alijitupa ndani ya gari na aproni yake, nao watu wakalifuata taratibu kwa miguu, na ndoo na vikapu vyao, mpaka kwenye lango la Idara, wakapanga mstari wakidai sabuni ya mia tisa ambayo Idara yenyewe imesema ipo. Walinzi walipoulizwa na waandishi wa habari ni ya nini foleni ile, walijibu kwamba wananchi wamekuja kuunga mkono matokeo ya uchunguzi.

Baada ya hapo haikuwezekana kuyakana. Mkurugenzi akamtuma afisa kwenye maduka ya jirani, mara hii akiwa na pochi, akanunue sabuni yote kwa elfu moja na mia mbili. Yeye mwenyewe akakaa dirishani, bado na aproni, akiiuza kwa mia tisa hadi ofisi zilipofungwa. Barua ya shemeji ilifutwa kwa maelezo kwamba ilikuwa rasimu.

Njiani kurudi nyumbani dereva alimuuliza kazi imekwendaje.

"Wastani ni kitu kigumu sana kuuza," Mkurugenzi alijibu, akichungulia nje. "Kila kipande, hasara mia tatu."