Kuku wa Bondeni

Jumatatu, 20 Aprili 1903, Atlanta
Profesa Whitlow katugawia kazi. Kuna msomi mzungu huko kaskazini kaandika kwamba sisi watu weusi ni walevi, hatuwezi kulea familia. Hajawahi kukanyaga kizingiti cha yeyote kati yetu! Chuo chetu kitamjibu kisayansi: tupite nyumba kwa nyumba, tuulize, tuandike. Atakayefanya vizuri zaidi atasoma matokeo kwenye mkutano mkuu wa Mei.

Nitakuwa mimi. Nani mwingine? Labda Odessa Pettiford, binti wa dobi, tuliyepangiwa naye mtaa mmoja wa Bondeni. Eti ataingia kazini na aproni. Aproni! Mimi nimeazima koti refu jeusi la mjomba. Msomi lazima aonekane.

Jumanne, 21 Aprili
Bondeni wananipenda! Bi Philomena Gaines kanikalisha kwenye kiti kizuri, kafukuza watoto mezani, kaniwekea kuku wa kukaanga, mapaja yote mawili. Nikauliza kama humu ndani kuna anayekunywa. Akashika kifua, akasema hata siki hawaiweki. Chumbani mumewe akakohoa. Nyumba ya pili, kuku. Ya tatu, kuku na pai ya viazi vitamu. Hakuna mlevi. Wote wameoana kanisani. Watoto wote wanajua Zaburi. Nimejaza madodoso tele.

Odessa nimemkuta uani kwa watu, mikono kwenye mapovu, anapiga soga na wanawake. Hajaandika hata mstari. Masikini!

Alhamisi, 23 Aprili
Tumbo linaniuma. Kuku tena. Bibi mmoja kaniomba niuombee mguu wake. Nikauombea, ningefanyaje? Mzee mwingine kataka kujua kama sauti yangu hufika viti vya nyuma. Nikamhakikishia inafika mpaka barabarani. Akafurahi sana. Watu wa ajabu, lakini wakarimu.

Jumamosi, 25 Aprili
Siku mbaya! Profesa kasoma madodoso yangu yote, kavua miwani, kauliza kwa upole kama vilabu vya pombe vya Bondeni huwa vinahudumia malaika.

Odessa akaangua kicheko. “Lucius, kaka yangu, kanisa la Bondeni halina mchungaji tangu Krismasi. Wanasubiri mchungaji mpya aje kujaribiwa, wakadhani ndiwe. Wewe unapita na koti jeusi unauliza habari za ndoa na pombe, wangekuambia nini? Mume wa Bi Philomena alikuwa chumbani amekumbatia chupa!”

Nilitamani ardhi ipasuke. Halafu akatoa kazi yake. Alikuwa akifua na akina mama mchana, jioni anaandika. Walevi wapo, ndiyo, wachache. Lakini wapo pia madobi wanaosomesha watoto kwa mikono yao, na wajane wanaolea yatima wa jirani bila kuambiwa na mtu. Nilisoma mpaka ukurasa wa mwisho. Yule mzungu angepata jibu lake humo. Kwangu angepata kuku tu.

Nimemwonea wivu. Nimemwonea fahari pia, lakini hilo simwambii.

Jumanne, 26 Mei
Ukumbi umejaa, wengine wamesimama. Odessa kasoma. Watu wa Bondeni walikuja na kofia zao za kanisani wasikie habari zao. Ilipofika sehemu ya madobi, Bi Philomena akasimama, machozi yanamtoka, akapaza sauti: “Sema, mwanangu! Waambie!” Ukumbi mzima ukamwitikia. Nikatoa leso, nikajifanya nina mafua.

Msomi wa kaskazini alitumiwa nakala. Kimya. Profesa anasema tutachapa hivyo hivyo, na mwakani tutachapa tena. Siku moja watatusoma, kasema, watake wasitake. Namwamini.

Na jina langu limo kwenye ripoti! Profesa kaona madodoso yangu yana faida: yanaonyesha watu humwambia nini mchungaji. Kurasa mbili nyuma kabisa, zimekusanywa na L. Tarpley, bila kukusudia. Lakini jina ni jina!

Mwakani tunachunguza afya. Kosa langu nimeshaligundua: mchungaji hudanganywa, daktari haambiwi uongo. Leo nimeazima mkoba na kile kidude cha kusikilizia moyo. Nimejaribu kwa mwenye nyumba wangu, naye kavua shati bila hata kuuliza. Odessa atakoma!