Lita Mbili za Karoti kwa Siku

Jumatatu, 24 Julai
Ijumaa ndiyo siku yenyewe. Nimetimiza sabini, na daktari asiponipa cheti cha macho, leseni ya gari inakwenda. Leseni ikienda, dansi ya Jumamosi inakwenda: kilomita arobaini, hakuna basi. Dansi ikienda, Sylvi, mwanamke ninayecheza naye, anabaki na Veijo. Jirani huyo! Ana gari, ana macho, hana haya.

Miwani sivai. Marehemu baba alivaa, akazeeka siku hiyohiyo. Gazeti limesema rangi ya chungwa iliyomo kwenye mboga na matunda huuzuia mwili kushika kutu, macho yakiwemo. Basi! Mwezi mzima nakunywa juisi ya karoti, lita mbili kwa siku. Leo nimejipima kwa kalenda ya ukutani. Ng'ombe wa picha ya Julai bado anafanana na kochi. Nahitaji kitu kikali zaidi.

Jumanne, 25 Julai
Hilla! Tunda la kinamasini, rangi ileile, na sasa limeiva. Ila kinamasi chenye hilla anakijua Veijo peke yake, na hapa kwetu mtu haulizwi kinamasi chake. Mama yake mzazi alimwuliza, akabadilisha mazungumzo.

Nikamfuata msituni kimyakimya, macho kwenye kofia yake nyekundu. Ukungu mweupe, harufu ya majani mabichi, kimya mpaka nasikia moyo wangu. Kofia ikasimama. Nikasimama. Nikamwaza Sylvi akizunguka taratibu kwenye sakafu ya mbao, mkono wake begani kwangu, ziwa limetulia nje. Nilikuwa na raha, nakiri. Saa nzima ikapita, nikasogea. Kofia ilikuwa imetundikwa kwenye kisiki. Veijo hayupo, hilla hakuna, nami nimezama mpaka kiunoni. Ameniweza.

Jumatano, 26 Julai
Nimetengeneza dawa yangu mwenyewe: karoti, majani yanayowasha, machipukizi ya msonobari. Nimechemsha mpaka ikawa nzito kama gundi. Vikombe vitatu. Tumbo limenguruma mchana kutwa. Ng'ombe sasa anafanana na kochi lenye pembe. Maendeleo!

Alhamisi, 27 Julai
Sauna ya kijiji, sote uchi kwenye mvuke. Wanaume hunyamaza humo siku zote, lakini leo kulikuwa na kunyamaza kwingine. Nikajitazama. Viganja, nyayo, pua: chungwa tupu. Veijo akamwaga maji kwenye mawe ya moto, akasema polepole, "Mzee mwenzangu, ulinifuata bure. Hilla ni wewe mwenyewe."

Walicheka mpaka wakatoka nje kupumua. Nikavumilia, nina shabaha yangu. Veijo alipimwa macho mwaka huu kwa daktari huyohuyo, na kichwa chake hakisahau kitu. Nikamwomba anitajie herufi za ubaoni. Akazitaja zote! Nimezikariri. Mjinga, amejichimbia shimo.

Ijumaa, 28 Julai
Daktari, binti wa umri wa mjukuu wangu, aliponiona alishtuka akidhani ini limeharibika. Akanifunua macho, akakuta weupe wake haujageuka manjano, akauliza ninakula nini. Nikamwambia. Akaeleza kwa upole kwamba mboga na matunda husaidia kuukinga mwili, tena kwa miaka, lakini hakuna juisi inayofanya kazi ya miwani. Sikumsikiliza. Nikakazia macho ukuta, nikamwaga herufi zote bila kukwama, mpaka mstari wa chini.

"Mzee Oiva," akasema, "ubao wa herufi bado sijauwasha."

Akauwasha, akanivisha miwani ya majaribio. Nikasoma kila kitu. Nje ya dirisha niliona jani mojamoja la mti, nikataka kulia. Akasema nikinunua miwani hiyo, cheti anasaini papo hapo. Nikamwambia nitafikiria.

Jumapili, 30 Julai
Jana dansi, kwa gari la Veijo. Sylvi alinigusa shavu, akauliza kama nimetoka likizo Uhispania, maana nimepata rangi nzuri. Rangi nzuri! Tukacheza tango moja, nikamkanyaga mara mbili. Zilizobaki zote alicheza na Veijo, ili nipumzike.

Daktari alinionya kwamba nikiacha karoti rangi itafifia. Nimenunua kilo ishirini. Miwani ya nini? Veijo ameahidi kutubeba kila Jumamosi. Sylvi atakaa mbele naye, wamepanga wenyewe, na mimi nyuma, miguu nimenyoosha kama mkurugenzi. Maskini Veijo. Nimemfanya dereva wangu, na wala hajashtuka.