Nembo ya Sungura

Jiji la Dodoma limepiga hatua ambayo majiji mengine yataishia kuiona kwenye taarifa ya habari: limepata Kitengo cha Huruma kwa Wanyama katika Urembo na Usafi wa Nyumbani. Tangazo lilisema kuanzia sasa hakuna sabuni, losheni, wanja wala dawa ya kudekia itakayouzwa bila nembo ya sungura, na sungura huyo atabandikwa tu kwenye bidhaa ambayo haikujaribiwa kwa mnyama. Kwenye nembo sungura anatabasamu. Kamati nzima ilikwenda semina Morogoro kukubaliana atabasamu kiasi gani.

Yasinta aliposikia hayo redioni alicheza peke yake chumbani kwake Chang'ombe, mwiko wa kukorogea sabuni mkononi. Jamani, si ndicho kilio chake hicho? Tangu yuko chuo alikuwa anawaambia wenzake kwamba huko duniani kuna viwanda vinamtia sungura shampuu machoni kuona kama atapofuka, nao wanamwambia ale, chipsi zinapoa. Sabuni yake mwenyewe aliipika kwa mafuta ya alizeti ya baba yake kule Busi, na aliyeijaribu alikuwa yeye, tena kwapani, penye ukweli. Shida ilikuwa wenye saluni. Walishasema bila sungura hawachukui hata kipande. Na baba naye alishasema sabuni ikikwama arudi nyumbani akailime hiyo alizeti, maana kuipikapika mjini kumeshindikana.

Kwa hiyo akavaa gauni lake la mahafali, akaenda Kitengoni.

Alipokelewa na Afisa Elisante, kijana mpole ambaye kanuni zote alikuwa amezikariri, hadi zilizofutwa. Afisa akamweleza kwamba maelezo yake yanaaminika kabisa, ila ni ya upande mmoja. Mtengenezaji anasema hakumgusa mnyama. Sawa. Mnyama anasemaje? Haki haiwezi kutendeka mpaka upande wa pili uonekane.

"Nilete mnyama gani sasa, kaka?"

"Yeyote anayekufahamu. Ila asiwe wa kwako, tusije tukasema mmepanga."

Ndiyo maana Alhamisi Yasinta aliingia Kitengoni na mbuzi jike wa mjomba wake Yotham wa Chamwino. Mjomba aliuliza mbuzi anakwenda kufanya nini, akajibiwa, akaona ni afadhali asingeuliza.

Na bahati iliyoje, siku hiyohiyo ndiyo nembo ya kwanza ilikuwa inazinduliwa. Waandishi wa habari walikuwepo, kamera zimesimamishwa, nembo imewekwa juu ya mto mwekundu. Mkurugenzi Eliakimu na kamati yake walichelewa kidogo kwa sababu mbuzi choma ya mchana ilichelewa kuiva. Waliingia wakichokonoa meno, wakamtazama shahidi kwa heshima zote.

Afisa Elisante akamkagua mbuzi masikio, akamnusa mgongo, akatangaza kwamba mhusika hajawahi kukutana na sabuni maishani mwake. Yasinta akashusha pumzi. Mkurugenzi akakohoa.

"Kwa hiyo tutajuaje kama sabuni hii haiumizi wanyama? Leteni beseni. Anzeni machoni, ndiko kwenye ushahidi."

Yasinta alidhani masikio yake yamemchezea. Akapiga goti. "Shikamoo mzee. Ila mkimtia machoni, si itakuwa imejaribiwa kwa mnyama?"

"Marahaba, binti. Ukimtia wewe, ni kujaribu. Tukimtia sisi, ni ukaguzi."

Akaahidiwa kwamba povu likishakauka tu, sungura ni wake. Yasinta akaitazama ile nembo juu ya mto, akaliona jembe la Busi linamsubiri nyuma ya mlango. Kisha akamtazama mbuzi, ambaye alikuwa anatafuna pindo la kitambaa cha meza kuu bila habari na mtu. Akaivuta kamba kwake.

"Hapana, mzee. Huyu haogi."

Yasinta akasema kwamba kama kinachotafutwa ni ngozi, pale kuna ngozi nyingi tu za Kitengo, na hizo hakuna atakayesema zimepangwa. Wanakamati wakaanza kukagua dari. Mama Gladness wa Kamati Ndogo ya Povu akasema uso wake uko likizo. Mmoja baada ya mwingine wakarudisha viti nyuma, na aliyebaki mbele ya kamera akawa Mkurugenzi, mtu ambaye hajawahi kuikimbia kamera. Akavua miwani, akakunja mikono ya shati, akajisugua uso mzima kwenye beseni la mbuzi.

Alitoka anang'aa kama sufuria ya harusi. "Laini kabisa," akasema, na ukumbi ukapiga makofi. Alipokuwa anaunyooshea mkono mto mwekundu, Afisa Elisante akasimama.

"Samahani, Mkurugenzi. Sasa hatuwezi kuitoa nembo. Sabuni imeshajaribiwa."

"Imejaribiwa kwa nani?"

"Kwako, mzee."

"Na kanuni inakataza kujaribu kwa nani?"

"Kwa mnyama, mzee."

Mwandishi mmoja, dada Frida, akasogeza maiki taratibu, akaomba kujua, kwa faida ya watazamaji, Kitengo kinamweka Mkurugenzi upande gani.

Nembo ilibandikwa kabla hajamaliza swali. Mkurugenzi aliibandika mwenyewe kwa kiganja, povu bado liko sikioni, akatangaza kwamba yeye ni binadamu, kwamba kumjaribia yeye bidhaa si kumjaribia mnyama, na huo ndio msimamo rasmi wa Kitengo.

Ilipofika Jumatatu saluni zilikuwa zimemaliza sabuni yote, na Yasinta akampigia baba yake kuomba alizeti zaidi. Kitengoni nako kazi ilikuwa imechangamka. Afisa Elisante si mtu wa kuacha msimamo rasmi ulale bure. Mwishoni mwa wiki alikuwa ameugeuza kuwa utaratibu, na foleni ya watengenezaji ilianzia mlangoni kwa Mkurugenzi ikazunguka jengo, kila mtu na chupa yake.

Wa kwanza aliingia mzee Kefa. Akasalimia vizuri, akatua dumu mezani, akafungua kizibo. Mkurugenzi akauliza ni losheni ya nini.

"Ya kung'arishia vyoo, mheshimiwa. Hii ni ile ya ndimu, haichomi sana. Ile ya asidi anayo mama watoto, yuko hapo nyuma yangu."