Takwimu za Corinne

Jumatatu, 13 Oktoba

Nina hofu kubwa. Nieleze kwa utaratibu. Mjukuu wangu Corinne ana miaka kumi na sita, bado yuko sekondari. Agosti nilimshawishi asome Takwimu katika chuo cha hapa mjini. Mbinu safi: somo moja, linahesabiwa sekondari na chuo pia, bila ada. Sasa mtihani wa katikati ya muhula umesahihishwa, naye hataji alama. Anapandisha mabega tu!

Jirani Kowalczyk, ambaye mjukuu wake ameshapata krediti kumi na mbili za chuo, aliegemea ua akanichoma: "Mwalimu, F ya chuo haifutiki. Itamfuata mpaka naye apate wajukuu!" Kweli tupu. Mwisho wa kujitoa katika somo bila kupata F ni Ijumaa, saa kumi na moja jioni.

Jumanne, 14 Oktoba

Nimekwenda chuoni kuuliza alama zake. Karani akasema sheria hairuhusu: ukishaandikishwa chuo, alama ni zako mwenyewe, uwe na umri wowote. Nikamweleza kwamba mwanachuo huyu hajui hata kufua soksi zake. "Wengi wao hawajui, mzee wangu. Anayefuata!"

Jumatano, 15 Oktoba

Mbinu mpya! Waliopita miaka sitini huruhusiwa kusikiliza masomo bure. Nikaketi nyuma katika darasa la Corinne, kofia hadi kwenye nyusi. Ningefanikiwa, lakini profesa aliueleza wastani kwa sentensi moja. Moja! Nimefundisha miaka thelathini na minne. Mkono ulinyanyuka wenyewe. Nilikwenda ubaoni nikaueleza wastani kwa dakika kumi na moja. Msichana mmoja akamuuliza Corinne kama yule ni babu yake. Akajibu kwamba hanijui!

Aliyefaulu angenikana? Basi amefeli. Mungu wangu.

Ijumaa, 17 Oktoba

Saa kumi na robo nikamwekea mezani fomu ya kujitoa, nimeijaza yote isipokuwa sahihi. Akaisoma. Akaichana vipande vinne. Amepata tisini na sita kwa mia!

Nikauliza kwa nini alinitesa hivi. "Babu, nilipofaulu Kiingereza ukaniongezea Takwimu. Ukisikia tisini na sita, si utanimaliza?"

Niliona haya. Nikamwomba radhi, nikaahidi kwa dhati kumwacha apumzike.

Jumamosi, 18 Oktoba

Uandikishaji wa Januari unafunguliwa keshokutwa. Kemia ina nafasi tatu kwa wanafunzi wa sekondari. Tatu tu!

Kesho asubuhi nampikia chapati za maji. Fomu itakuwa chini ya sahani.