Vidonge Vitupu vya Miezi Sita

Tapeli aliyeitwa Koti aliiona riziki yake akiwa amekalia upande mmoja tu, kwenye benchi la hospitali, akisubiri kupasuliwa jipu mahali asipopenda kupataja. Nyuma ya pazia daktari alikuwa akiwaeleza wanafunzi wake habari za panya. Panya hao walipata shambulio la moyo, wakapewa homoni ya tezi ya shingo kwa kipimo kidogo, na vile vimishipa vidogo vya moyo vikanusurika. Kwa binadamu, alisema, bado tunachunguza: nusu ya wagonjwa wanapewa dawa, nusu vidonge vitupu visivyo na dawa, na hakuna ajuaye kapewa kipi mpaka miezi sita iishe.

Koti alisahau jipu. Miaka yote anatapeli watu kwa jasho lake, kumbe wenzake wana utaratibu kabisa.

Kufika Alhamisi alishavaa lile koti jeupe lililompa jina, na mkobani alikuwa na vidonge vya unga wa ngano na mashine mpya ya kupimia presha, kitu pekee cha kweli alichokuwa nacho. Akabisha kwa mwenye nyumba mmoja wa vyumba kumi na viwili, aliyetoka hospitali wiki tatu nyuma baada ya moyo kumwangusha bafuni. Mkewe, fundi cherehani, alikuwa akishona palepale sebuleni.

Mwenye nyumba alisikiliza habari za utafiti na ada yake, kisha akanong'ona, "Daktari, mimi niweke kundi la dawa. Hivyo vitupu wape wapangaji wangu."

"Sayansi haina upendeleo, mzee. Ila vidonge vyako vya hospitali viweke kando kwanza, visituharibie utafiti."

Cherehani ikanyamaza. Mama huyu alikuwa amelala sakafuni hospitalini siku tisa kando ya kitanda cha mumewe, akihesabu pumzi zake. Aliogopa kweli, kisha akakasirika, na hasira yake akaifunika kwa tabasamu.

"Hata wewe hujui kipi ni kipi?" aliuliza.

"Hata mimi, mama."

"Na kufungua kabla ya miezi sita ni mwiko?"

"Mwiko kabisa."

Akaingia ndani, akarudi na bahasha mbili zilizoshonwa kwa uzi. "Moja ina ada yako, nyingine ina karatasi tu. Binti yangu ndiye aliyezifunga, kwa hiyo hata mimi sijui. Chagua. Na hiyo mashine ibaki, nimpime asubuhi na jioni. Utafiti bila vipimo si porojo hiyo?"

Angesema nini? Kukataa kungekuwa kuikana elimu yake mwenyewe mbele ya mgonjwa. Akachagua iliyonona, akaacha mashine, akaaga kwa heshima zote.

Kwenye kona alikata uzi kwa meno. Gazeti, limekatwa vizuri kwa mkasi wa fundi.

Akarudi kubisha. "Mama, nimeangukia kundi la karatasi."

"Pole, mwanangu," alijibu yule mama kupitia dirisha, huku akimfunga mumewe mkanda wa mashine mkononi. "Lakini umejuaje, na miezi sita bado?"

Koti akautupia mkoba begani. Akaondoka.

Mwenye nyumba alimeza vidonge vyake vya hospitali, vyote vinne, mkewe akimtazama. "Mama watoto, na ile bahasha nyingine?"

"Gazeti hilohilo, kurasa za michezo. Nilitaka apate uhuru wa kuchagua."