Dundu Kwenye Sanduku la Parokia

Jumatano, 3 Machi 2004
"Mdudu wa samadi hana soko popote duniani." Ndivyo alivyotangaza katekista Evarist mbele ya watu pale mashine ya kusaga. Uongo. Mjapani niliyemsindikiza Mlima Hanang alinieleza kwamba kwao dundu wenye pembe hufugwa ndani ya nyumba, na watoto huwalilia. Akaniachia anwani. Soko huria limeruhusiwa siku nyingi. Evarist hajapata habari, ingawa ndiye mwenye ufunguo wa sanduku la posta la parokia, ambalo kijiji kizima cha Tlawi tunapokelea barua. Nimefukua lundo la samadi. Nimepata wanne, wakubwa kama kiganja. Mke wangu Bernadina amefurahi. Anasema hatimaye samadi imeguswa.

Ijumaa, 5 Machi
Nimewafunga alfajiri kwenye boksi la sabuni. Baridi kali. Wamelala kama mawe. Posta ya Mbulu mjini, Judith wa dirishani aliuliza kuna nini ndani. Nikasema mapambo ya nyumbani. Kwa Mjapani ni kweli. Nyuma nimeandika S.L.P. ya parokia, kama tunavyoandika wote. Boksi kimya. Ushindi!

Jumapili, 14 Machi
Sikufikiria joto la Babati, ambako vifurushi vyetu hupitia. Huko chini wamezinduka, wakaanza kukwaruza, na posta wamekirudisha kifurushi kwa anwani ya nyuma. Kila Jumapili baada ya Misa Evarist husoma majina ya waliopata barua. Leo langu alilisoma mara mbili, kisha akakata kamba mwenyewe. Dundu wa kwanza aliruka hadi kwenye kapu la sadaka. Wa pili alitua kwenye kilemba cha Efrazia wa kwaya, ambaye hakuacha kuimba, ila sauti ilipanda. Mzee Sulle aliuliza kama hizo ndizo makala ninazotuma magazetini.

"Tadei," akasema Evarist, "sanduku la parokia si zizi."

Jumanne halmashauri ya walei itaamua kama nifutwe kwenye sanduku. Gazeti halichapi barua isiyo na anwani. Mawaziri wangapi nimewapinga kupitia sanduku lile! Nitakuwa bubu.

Jumanne, 16 Machi
Bernadina alininyooshea shati. "Baba Yoakimu, leo usibishane." Nikatoa shikamoo kwa wote wanaostahili. Nikaomba radhi. Mzee Sulle akanitetea: barua zangu humchekesha, nikifutwa atasomewa nini? Evarist akalegea, kwa sharti moja.

"Asitume tena chochote chenye miguu."

Nimekubali mbele ya wote. Nimesamehewa.

Jumatano, 17 Machi
Dukani sukari ilifungwa kwa gazeti la zamani. Nikalisoma njiani. Wafaransa wanakula konokono, tena hotelini! Bustani yetu ya kabichi imejaa. Konokono hana miguu. Nimewageuza mmoja mmoja, nimehakiki. Kifurushi kimeondoka mchana huu kwenda hoteli iliyotajwa gazetini.

Evarist, na ninyi wajumbe wote wa halmashauri: sharti lenu nimelitimiza neno kwa neno. Kikirudi, msikate kamba. Kiwekeni sakristia, penye kivuli, halafu mniite.